Managu ya Nyuma ya Nyumba

Njeri mwanangu, mami yangu,

Umetoka sasa hivi na rafiki yako Wairimu kwenda kuwaaga watu wa kwaya, ukaniambia nisikungoje na chakula. Vizuri, nimepata nafasi. Nimekaa kwenye kiti chako kinachoangalia dirisha. Nje bado kuna mwanga, na begi zako mbili zimesimama pale mlangoni, moja nimeifunga kamba ya manila kwa sababu zipu yake siiamini.

Sitakuandikia mambo ya sweta, ya pasipoti, wala ya kuvuka barabara za Ujerumani. Hayo shangazi yako ameyarudia mpaka mimi ninayebaki nimeanza kuvaa soksi mbili. Nitakuandikia jambo moja ambalo sijawahi kulisema kwa mdomo. Unaujua mdomo wangu. Ukiniuliza bei ya mchanga nitaongea mpaka uchoke, lakini ukiniuliza yaliyo moyoni naanza kutafuta nyundo yangu ilipo. Jambo lenyewe ni la nyuma ya nyumba.

Najua hufiki huko. Tangu ulipokuwa na miaka tisa hujafika. Nguo unaanika mbele, na mtaa mzima wa Mugutha unajua rangi ya mablanketi yetu. Kuku wetu alipoanza kutagia kule nyuma ulisema afadhali mayai yaoze. Sijawahi kukuuliza sababu, kwa maana sababu ni mimi.

Wacha nianzie mbali kidogo, nipate kufika.

Mama yako nilikutana naye kwa ajili ya konkriti. Hizi nyumba zote unazoziona Ruiru, zamani hapa palikuwa kahawa tupu. Guka yako, baba yangu, aliipalilia na kuipulizia dawa maisha yake yote, na alikufa bila mti hata mmoja ulio wake. Mimi nilipoanza ufundi, kahawa ilikuwa inang'olewa ili ploti ziuzwe. Sasa sikiliza jambo ambalo kila fundi wa huku amewahi kuliona. Tingatinga ikishapita ikang'oa visiki na kugeuza udongo, mvua ikinyesha mara moja tu, shamba lote linafunikwa na mboga za kienyeji, managu na terere. Mahali ambapo watu walikuwa hawajaona kitu kingine ila kahawa tangu wazaliwe! Hakuna aliyepanda, hakuna aliyemwagilia. Sisi mafundi hatukujali. Tulikanyaga tukapima msingi.

Asubuhi moja tulikuwa tumeshachimba mitaro na mchanganyiko uko tayari, nikasikia mtu ananiita kutoka chini, ndani ya mtaro wangu mwenyewe. Nikachungulia, nikaona kilemba cha manjano na gunia limejaa majani.

"Fundi, ngoja kidogo bana. Wacha nimalize hii kona."

Nikamwambia, "Mama, simiti haingoji mtu. Hii itashika sasa hivi."

Akainua kichwa, akaangalia ule mchanganyiko, akaniangalia. "Itashika na nini, na maji bado hujaweka?"

Vijana wa saiti walicheka hadi mmoja akaketi chini. Na ni kweli, sikuwa nimeweka maji. Basi nikangoja. Alichuma kona yake bila haraka yoyote, akatoka, akajipangusa udongo, akaenda soko la Kiuu kuuza. Kesho yake akarudi na mkebe wa managu yaliyopikwa na maziwa, akaniwekea juu ya mfuko wa simiti. "Hiyo ni ya kungoja," akasema. Huyo ndiye Wambui. Mtu akikuambia wazazi wako walikutana kanisani, mwambie walikutana kwenye msingi wa nyumba ya mtu.

Nilimuuliza siku moja, "Nani alipanda hii mboga chini ya kahawa?"

"Hakuna mtu. Ilikuwa huko tu, imelala."

"Tangu lini?"

"Mimi nitajuaje? Pengine hata kabla kahawa ije. Haina haraka hiyo. Inangoja tu mtu aigeuze ione jua."

Nilimcheka. Nikamweleza habari ya mkebe wangu, nikidhani nami nina hadithi ya mbegu ya kumshinda. Nilipokuwa mdogo niliokota kahawa nzuri nzuri kwenye mashamba aliyofanyia kazi guka yako, nikamenya ganda jekundu, nikakausha juani, nikaweka kwenye mkebe wa chai uliofungwa vizuri. Nilijiambia siku nitakayopata kipande changu cha ardhi, nitapanda kahawa yangu, na baba yangu ataketi chini yake bila kuagizwa na mtu. Nilihama na mkebe huo kutoka nyumba ya kupanga hadi nyingine. Nilipopata hii ploti guka alikuwa ameshakufa, lakini nilipanda hivyo hivyo. Nikamwagilia msimu mzima. Hakuna hata moja iliyotoka.

Wambui hakucheka kama nilivyotarajia. Alisema, "Pole, fundi. Kahawa si ya kuwekwa. Ikikauka sana na miezi ikapita, imeisha, hata ukiifungia kwa benki."

Na mami, zilikuwa nzuri kwa macho. Ngumu, safi, hazina mdudu. Nilikuwa nimetembea na vitu vilivyokufa miaka mingi nikiviita mbegu.

Sijui kama unakumbuka mkono wa mama yako wakati wa mbegu. Nadhani unakumbuka, kwa sababu wako ulikuwa hivyo hivyo. Aliacha mashina machache bila kuchuma hadi yakazaa, yale matunda madogo yakawa meusi, mkayaminya pamoja ndani ya beseni la maji, mikono imekuwa zambarau hadi kwenye kiwiko. Aliacha beseni kivulini siku kadhaa mpaka linuke, halafu akaosha, maganda yakaelea, mbegu zikabaki chini, ndogo hivi, huwezi kuishika moja. Alikausha kivulini, akachanganya na jivu. Nyingine aliweka kwenye chupa. Nyingine alizichukua kwa kiganja akazirudisha pale pale shambani, akazifukia kwa jembe. Nilimwambia anaharibu. Akasema hizo ni za udongo, udongo nao uwe na akiba yake.

Kisha akafa. Wewe unajua jinsi ilivyokuwa, kichwa kilimuuma, tukadhani ni uchovu, na kabla hatujajua tunaogopa nini tulikuwa tumerudi nyumbani bila yeye. Sitaandika hapo sana. Nikiandika hapo sitamaliza.

Tulimzika nyuma ya nyumba kwa kuwa hapo ndipo tulipokuwa na ardhi, na hapo ndipo bustani yake ilipokuwa. Waliochimba waligeuza udongo wote, wa chini ukaja juu, wa juu ukaenda chini. Mvua ikaja. Nikatoka asubuhi moja kwenda kuangalia msalaba kama umesimama sawa, nikakuta kaburi limeota managu. Mazito, ya kijani kibichi, yamejaa kaburi lote na hayakuvuka kwenda kwingine, yana umbo lake kabisa, urefu na upana. Niling'oa yote kwa mikono. Baada ya wiki mbili yakawa yamerudi. Niling'oa tena, yakarudi tena.

Ningependa kukuambia nilifanya hivyo kwa sababu ya heshima. Hapana, niliona aibu na niliogopa. Dukani kuna mtu alisema, kwa mzaha tu, "Kumbe Mama Njeri bado yuko kwa biashara ya mboga," na watu wakacheka kidogo wakanyamaza waliponiona. Nilitamani kumpiga. Nilitaka kaburi liwe kaburi, kitu kilichonyamaza, nikiliangalia niambiwe imekwisha, niende kazini. Hilo halikukubali kunyamaza.

Sasa nafika kwenye ile Jumamosi.

Nilikuwa nimetoka saiti ya Thika. Nilifungua mlango nikakuta jiko linawaka na wewe umepanda juu ya kigoda, unasonga ugali kwa mikono miwili. Hukuwa umewahi kupika peke yako. Ukanipakulia ukakaa unaniangalia. Ilikuwa managu na maziwa, chumvi imeingia vile mama yako alivyokuwa anaingiza, mwishoni, kidogo kidogo. Tangu mazishi chakula kilikuwa kinapita kooni kama mchanga. Siku hiyo kilipita. Nilikula, nikaomba nyongeza. Nikakuambia umepika kuliko mtu mzima, nikakuuliza umenunua kwa nani.

"Sijanunua. Mama ametuletea."

"Mama nani?"

Ukaonyesha nyuma ya nyumba kwa mwiko.

Unakumbuka nilichofanya, na mimi nakumbuka. Lakini hatujawahi kukikumbuka pamoja, kwa hivyo acha nikiandike. Nilichukua sufuria, nikafungua mlango, nikaitupa na mboga yake yote hadi ikagonga mabati ya jirani. Ulikuwa na sahani yako mapajani, bado inatoa mvuke. Nikakunyang'anya hiyo nayo nikaitupa. Halafu nikatoka nje nikajitia vidole kooni nikatapika, na wewe umesimama mlangoni unaangalia. Niliporudi ulikuwa hulii. Uliniuliza tu kwa sauti ndogo, "Ilikuwa chungu, Baba?"

Sikukujibu. Nilipita nikaenda kulala na viatu.

Kama ningekujibu wakati huo, hata kwa uongo, nadhani mambo yangekuwa mengine. Ulidhani ni upishi wako, na mimi nilijua si upishi wako, nikakuacha na hilo. Kilichonipata ni kwamba nilikuwa nimekula kwa furaha. Kwa muda ule mfupi nilisahau kwamba amekufa. Ulipoonyesha kwa mwiko nilihisi nimemla, na pia nilihisi ameniletea chakula kweli, na sikujua ni lipi kati ya hayo mawili lililonitisha zaidi. Mtu mzima angeketi akamwambia mtoto wake hivyo. Mimi nilikwenda kutafuta simiti.

Jumapili watu wakiwa kanisani nilichanganya. Niliweka mawe, nikaweka nondo zilizobaki za kazi ya mtu, nikamwaga konkriti nene ambayo ingebeba ghorofa. Nikaweka tailizi nyeupe juu, zile za bafu, nikapangusa kila mstari kwa kidole. Wote waliokuja walisifu. Mzee wa kanisa alisema mke wangu amelala mahali pa heshima. Ulirudi kutoka Sunday school, ukafika hadi kwenye kona ya nyumba, ukaona, ukageuka. Hapo ndipo miguu yako ilipokomea mpaka leo.

Mami, unakwenda kufanya kazi ya kuwauguza wazee wa watu, na utaona huzuni ya kila namna. Nina kitu kimoja tu cha kukuambia juu ya huzuni, na nakuambia kama fundi. Usiifanyie kazi safi. Mimi yangu niliijengea, nikainyoosha kwa timazi, nikaipaka mpaka ikang'aa, na kila aliyepita akanipongeza. Mtoto peke yake ndiye aliyejua kilichofanyika.

Baada ya hapo ulikuwa mtoto mzuri sana. Hilo nalo lilinitisha. Ndiyo Baba, sawa Baba, nimefua Baba. Ulipika sukuma, ulipika kabeji, ulipika kila mboga iliyopo sokoni isipokuwa moja. Sikuona tena mtoto anayepanda juu ya kigoda kunishangaza.

Kisha kuna jioni moja ulipokuwa kidato cha tatu. Tulikuwa tunakula. Nilikuuliza mmesoma nini, vile wazazi huuliza bila kungoja jibu. Ukasema mmesoma mbegu. Ukasema kuna mbegu haziwezi kulazwa, zikikauka zinakufa, na kuna nyingine zikiwa udongoni gizani zinapumua kidogo sana, kidogo kiasi kwamba hata mwalimu alisema ni kama mtu aliyezirai, na zinaweza kukaa hivyo miaka na miaka. Hazioti kwa sababu hazijaona mwanga. Ukigeuza udongo zikaona mwanga hata kwa dakika chache, zinajua zimefika juu. Ulikuwa unaangalia sahani yako unapoongea.

"Kama gani?" nikauliza.

"Kama managu, Baba."

Uma wangu ulikuwa hewani. Nilielewa kila neno. Nilielewa kwamba hukuwa unanieleza masomo, ulikuwa unaniambia kuna kitu bado kipo hai chini ya kazi yangu, na unanipa nafasi. Nikasema, "Hiyo ni elimu nzuri," nikaomba chumvi.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko lile la kwanza. La kwanza nilikuwa na wazimu wa msiba. La pili nilikuwa na akili zangu timamu, na bado nilipitisha mkono nikachukua chumvi. Nilijiambia kuna wakati, tutaongea ukimaliza shule. Ukamaliza. Nikasema tutaongea ukitoka chuo. Ukatoka, ukapanga chumba Thika karibu na hospitali, ukawa unakuja Jumapili moja moja na maziwa na gazeti. Maneno yangu niliyaweka kwenye mkebe wa chai, mami. Nilidhani ni kama managu, kumbe huenda ni kahawa.

Ulipopiga simu kuniambia viza imetoka, nilikushangilia, ukasikia mwenyewe nilivyoshangilia. Nilipokata simu nilichukua nyundo kubwa nikaenda nyuma.

Na hapa ucheke kidogo, kwa sababu hata mimi nilicheka. Haikuvunjika. Kazi yangu bora kuliko zote maishani, na hakuna mteja aliyelipia. Nilipiga hadi mikono ikafa ganzi, ikatoka punje moja ya tailizi. Mama Kamau akachungulia juu ya ua.

"Baba Njeri, ni nini? Unafufua mtu?"

"Narekebisha."

"Haiya! Si hiyo ilikuwa sawa?"

"Haikuwa sawa."

Aliniangalia, akarudi ndani, akaniletea chai bila kuuliza lingine. Ilinichukua wiki nzima, jioni baada ya jioni, kuvunja na kukata nondo na kubeba vipande. Chini yake udongo ulikuwa mkavu, umeshikana, hauna hata mchwa. Niliuangalia nikasema hapa hakuna kitu. Nikaugeuza kwa uma wa shamba, si kwa kina, sikutaka kumsumbua. Nikamwagilia.

Hakikutoka kitu.

Nikakumbuka kwamba hata kikitoka, ndege hula matunda ya managu kwa wengine wakaja kunya mbegu hapa, na nitakuwa najidanganya. Nikachukua neti ya mbu ile ya zamani, ya bluu, nikaifunga kwenye vijiti nikafunika mahali pote. Mama Kamau akachungulia tena. "Sasa unamkinga na malaria?" Tulicheka sote wawili, kisha mimi nikashindwa kuacha, na kicheko kikageuka kikawa kile kingine. Yule mama akasimama tu pale uani hadi nikamaliza. Sikuwahi kumlilia Wambui mbele ya mtu. Kumbe haiui.

Kila asubuhi kabla ya kwenda saiti nilipiga magoti pale. Zikaja nyasi. Ikaja mukengeria, ile ya maua ya bluu, inaota hata kwenye nyufa. Nikang'oa. Wewe ukija Jumapili ulikuwa unakaa humu ndani unajifunza Kijerumani kwa simu, ukisema maneno magumu kwa ukuta, na mimi nilikuwa natamani kukuita, lakini nikuite kuja kuona nini? Udongo mtupu chini ya neti? Niliogopa kukupa tumaini ambalo lingekuwa ule mkebe wangu.

Mvua za mwaka huu zilichelewa, unajua. Zilipokuja zilikuja kwa kishindo. Siku ya nne au ya tano nikaona vijani viwili viwili, vidogo kuliko ukucha wa mtoto. Sikuamini. Managu yakiwa madogo yanafanana na takataka nyingi. Nikasema sitasema kitu mpaka nione ua. Nikangoja. Yakapata shina, yakapata jani la tatu na la nne, yakapanuka. Wiki iliyopita yametoa maua, yale meupe madogo yenye jicho la manjano yanayoinama chini.

Siwezi kuapa, mami. Wewe ndiye uliyesoma. Labda upepo, labda mguu wangu ulileta mbegu kutoka kwingine. Lakini neti haikutoboka, na hayakuota kila mahali nilipogeuza. Yameota upande wa kichwani peke yake, pale mama yako alipokuwa na kitalu chake, pale alipofukia ile akiba. Mengine yote yalikufa, nadhani. Niliyafunika muda mrefu mno. Kilichobaki ni mashina machache ambayo unaweza kuyakumbatia kwa mikono miwili.

Hayo machache yananiuma kuliko kama hakungekuwa na kitu. Kama pangebaki wazi ningesema basi, nilichelewa, yamekwisha. Sasa najua yalikuwa yanangoja. Mwaka ule ulipotoka shule na machozi nisijue ni ya nini, yalikuwa yanangoja. Jioni ile ya chumvi, yalikuwa yanangoja, na yalikuwa mengi zaidi. Ningeinua nyundo siku yoyote ile, ungekula ukiwa mtoto. Sina namna ya kukurudishia hiyo miaka, na sitajifanya kwamba ninayo.

Sikupi mbegu ubebe. Najua watakunyang'anya kwenye uwanja wa ndege, na ni haki yao. Yakizaa nitayaminya mwenyewe kwenye beseni, nusu niweke chupani, nusu niirudishe udongoni vile alivyokuwa akifanya. Simiti haitarudi pale. Tailizi zilizobaki nzima nimempa Mama Kamau, ameweka bafuni.

Leo mchana ulipokuwa kwa shangazi yako nilichuma. Si yote, yale ya kutosha watu wawili. Nilichambua nikiwa nimekaa pale pale chini, kando yake, nikimweleza kwamba unaondoka kesho. Nilipika vile ninavyokumbuka ulipika, maziwa kwanza yachemke, chumvi mwishoni. Nikasonga ugali. Nikala peke yangu hapa mezani, nikala yote niliyojipakulia, na nimekaa nayo tumboni mpaka sasa ninapoandika.

Sahani yako iko hapa, nimeifunika na nyingine juu. Usipotaka, iache, sitauliza. Kesho tunatoka mapema. Mlango wa nyuma sijaufunga, na hakuna anayekusukuma kuufungua. Nilitaka tu ujue umefunguliwa, na kwamba aliyeufunga ni mimi, hukuwa wewe, hata siku moja hukuwa wewe.

Uliniuliza kitu ukiwa umesimama mlangoni, nikapita na viatu vyangu nikaenda kulala. Nimechelewa kukujibu, mami.

Haikuwa chungu. Ilikuwa tamu, na ndiyo maana niliitupa.

Baba yako